Celine Dion kabla ya Titanic: nani hasa alimtoa, mama yake au René?

Binti Kihonda

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni wajuzi wa nyimbo za zamani mnisaidie hapa. Tangu nimuone Celine Dion akiimba pale mnara wa Eiffel usiku wa kufungua Olimpiki ya Paris, Julai 2024, na ule ugonjwa wake wa kukakamaa misuli alioutangaza mwishoni mwa 2022, mimi sijaacha kumsikiliza, yaani nikipika ni yeye nikifua ni yeye, na kadiri ninavyomsikiliza ndivyo ninavyozidi kujiuliza huyu mama katokea wapi hasa. Sisi rika letu tulimjulia kwenye Titanic basi, ule wimbo ulikuwa redioni asubuhi, mchana, usiku, ukienda sendofu unapigwa, ukienda harusini bibi harusi anaingilia nao, mtu unaweza kudhani aliamka siku moja akakuta ni staa.

Sasa shemeji yangu anashikilia kwamba Celine asingekuwa chochote bila yule mzee René aliyekuja kumuoa, eti ndiye kamtengeneza kuanzia meno mpaka sauti. Mimi moyo unanikatalia kabisa, sauti ile meneja anaitengenezaje? Ila sina hoja za kumjibu, nabaki kubishana kwa hisia tu.

Kwao walikuwa watu wa uwezo? Alianza lini kuimba? Na nimesikia pia aliwahi kuiwakilisha Uswisi kwenye mashindano, sasa Mkanada na Uswisi wapi na wapi? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kaseti

Binti Kihonda karibu sana, umemgusa mtu ninayempenda kupita kiasi. Ngoja nianzie mbali maana bila kuijua nyumba aliyotoka huwezi kumuelewa.

Kazaliwa 30 Machi 1968, mji mdogo unaitwa Charlemagne, jimbo la Quebec huko Kanada, jirani na Montreal. Ni kitinda mimba, mtoto wa 14, baba mmoja mama mmoja. Baba yake Adhémar alikuwa mtu wa bucha, mama yake Thérèse mama wa nyumbani, alimzaa Celine akiwa na miaka 41. Uwezo hawakuwa nao, hela ya mshahara mmoja mnakula watu 16 hebu piga hesabu mwenyewe. Lakini muziki ulikuwemo ndani ya ile nyumba kuliko nyumba nyingi zenye hela, baba anapiga akodiani, mama anapiga fidla, watoto nao kila mtu na chake, wakimaliza kula ni kuimba. Hata jina lenyewe limetoka kwenye wimbo, kuna mwimbaji wa Ufaransa anaitwa Hugues Aufray alikuwa kautoa wimbo wenye jina hilo mwaka 1966, mama akaupenda, mtoto alipokuja akapewa.

Alafu akiwa na miaka 5 akaimba mbele za watu kwenye harusi ya kaka yake Michel, huyu Michel mshike vizuri jina lake maana anarudi. Baadaye wazazi wakawa na mgahawa wao wenye baa na piano, unaitwa Le Vieux Baril, humo humo watoto ndio wahudumu ndio bendi, na yule mdogo wao anaimba usiku wateja wanamtaka yeye tu. Asubuhi anatakiwa shule, na shule aliichukia kweli, wenzake walikuwa wanamcheka kwa wembamba wake na meno, wakawa wanamwita vampaya. Fikiria mtoto usiku watu wazima wanampigia makofi, kesho yake darasani anaitwa vampaya. Mimi naamini kabisa hapo ndipo alipoamua maisha yake yatakuwa wapi.

Sasa njoo kwenye kaseti. Akiwa na miaka 12 mama yake akakaa chini akamtungia wimbo. Hapa someni taratibu jamani. Mama wa watoto 14, hajawahi kuwa mtunzi wa kulipwa na mtu, kaandika, kaka mtu Jacques na Celine mwenyewe wakaweka mikono yao, wakarekodi kaseti ya majaribio. Wakawa hawajui waipeleke wapi, Michel akachukua albamu ya Ginette Reno, ambaye wakati huo ndiye alikuwa mwimbaji mwanamke mkubwa pale Quebec, akageuza jalada nyuma akasoma jina la meneja, René Angélil. Kaseti ikatumwa. Kimya. Michel akampigia simu akamwambia mimi najua hujaisikiliza, ungeisikiliza ungekuwa ushatutafuta. René akaisikiliza, akapiga simu, mleteni huyo mtoto.

Celine akaenda na mama yake, ilikuwa Januari 1981. René akampa kalamu, shika hii ndiyo maiki yako, imba kama uko ukumbini kumejaa watu. Akaimba, na yule mzee akatokwa machozi, hilo wamelisimulia wote wawili miaka yote mpaka René anafariki.

Na huyo René msimuone kama tajiri aliyekuja kuokoa maskini. Alikuwa na miaka 38 hapo, miaka ya 60 alikuwa mwimbaji wa kundi la Les Baronets, kundi likaisha akawa meneja, na wakati anapokea ile kaseti Ginette Reno alikuwa kashaachana naye kikazi, akawa anawaza aache muziki akasomee sheria. Hela ya kurekodi hakuna, akaweka nyumba yake rehani. Albamu ya kwanza ikatoka 1981 hiyo hiyo, na kabla mwaka haujaisha ikafuata ya Krismasi. Mwezi wa sita mwaka huo akatokea runingani kwa mara ya kwanza kwenye kipindi cha Michel Jasmin akauimba wimbo ule ule wa mama yake.

Kwa hiyo mwambie shemeji hivi, René aliamini mapema na alihatarisha nyumba, hilo hatumnyang'anyi. Ila kilichomtoa machozi kilifika mezani kwake kikiwa kimeshakamilika, sauti ya nyumbani, wimbo wa mama na ujasiri wa kaka mtu.

Buja Wetu

Salama ndugu zangu, mimi niko Bujumbura. Mzee wa Kaseti kaeleza vizuri sana, nataka niongeze upande ambao watu wa Kiingereza mnauruka kila siku. Kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa, nyumbani Celine alikuwepo kabla hata hiyo Titanic haijatengenezwa, dada zangu walikuwa wanaandika maneno ya nyimbo zake kwenye daftari la shule.

Miaka karibu kumi, tangu 1981 mpaka 1990, huyu mtu hakuwa na albamu hata moja ya Kiingereza. Yote Kifaransa. René alimpelekea sauti Eddy Marnay kule Ufaransa, na Marnay si mtu mdogo, huyu aliandika mpaka nyimbo za Édith Piaf, yule mwimbaji mkubwa wa Ufaransa. Mzee kama yule angeweza kukataa kumwandikia mtoto, lakini alimchukua kama mjukuu, akawa anamuandikia nyimbo za umri wake, mambo anayoyahisi msichana wa miaka 13, 14, hakumvalisha mapenzi ya watu wazima mapema. Hicho ni kitu nakiheshimu sana hasa nikiangalia watoto wanavyoimbishwa siku hizi.

1982 akaenda Tokyo kwenye tamasha la dunia la Yamaha akashinda dhahabu, miaka 14 hiyo. 1983 akawa Mkanada wa kwanza kupata diski ya dhahabu Ufaransa, kwa wimbo D'amour ou d'amitié. 1984 Papa Yohane Paulo wa Pili alipoitembelea Montreal, Celine ndiye aliyemuimbia uwanja wa Olimpiki, wimbo unaohusu njiwa, uwanja umejaa makumi ya maelfu ya vijana, na yeye ana miaka 16 tu amesimama katikati. Mwaka huo huo akawa anafungua shoo kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, wiki kadhaa mfululizo. Shule kashaacha. Mama yake wakati wote huo anasafiri naye, kila safari yupo.

Sasa ukijumlisha, alipokuja kuimba Titanic mwaka 1997 alikuwa na miaka 16 ya kazi nyuma yake. Kumi na sita! Anayesema alitoka ghafla hajui Kifaransa tu basi.

Nairobi Jioni

Wacha nijibu hiyo ya Uswisi maana hapo ndipo mimi nilikwama siku moja nikachimba mpaka usiku wa manane.

Kwanza rudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 80 Celine alikuwa staa Quebec lakini kama staa mtoto, watu wanamuona yule msichana wa nyimbo za njiwa. Akiwa na miaka 18 hivi akamuona Michael Jackson kwenye steji akamwambia René mimi nataka kuwa kama yule. René hakumcheka, wakaamua jambo ambalo wasanii wengi hawathubutu, wakamtoa machoni pa watu karibu mwaka na nusu. Hakuna albamu mpya wala shoo. Meno yakarekebishwa, nywele zikakatwa, nguo zikabadilika, na Kiingereza kikaanza kusomwa maana alikuwa hakijui. Kwa hiyo kwa upande wa meno shemeji yuko sawa, lakini hiyo ilikuwa 1986, ile sauti ilishashinda Tokyo na ilishamuimbia Papa na meno yale yale ya zamani. Akarudi 1987 na albamu Incognito akiwa mwanamke mzima na muziki umechangamka.

Sasa Uswisi. Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, sheria zake hazidai mwimbaji awe raia wa nchi anayoiimbia. Uswisi walikuwa na wimbo wa Kifaransa, mtunzi wa muziki Atilla Şereftuğ na maneno ya Nella Martinetti, wakataka sauti kubwa ya Kifaransa, wakamchukua Celine. Tarehe 30 Aprili 1988, Dublin, Ayalandi. Ile kura jamani mtu mwenye presha asiangalie. Imebaki nchi moja tu kupiga kura, Yugoslavia, Uingereza inaongoza kwa pointi 5, mwimbaji wao Scott Fitzgerald ameshaanza kuonekana bingwa. Yugoslavia wanasoma, Uswisi pointi 6, Uingereza hawapewi kitu. Mwisho 137 kwa 136. Pointi moja! Nimeiangalia ile video mara nyingi na kila mara natetemeka na matokeo nayajua. Ulaya nzima ilimuona usiku ule.

Lakini angalia alichofanya baada ya hapo, hakurudi tu kuuza ule ushindi, alirudi kwenye Kiingereza. Unison ikatoka 1990, albamu yake ya kwanza kwa Kiingereza, na wimbo Where Does My Heart Beat Now ukapanda mpaka namba 4 Marekani mwanzoni mwa 1991. Kwao Quebec wengine wakakasirika, kule lugha ni jambo la damu, wakaona anawakimbia. Na ndipo mwaka huo wa 1990 kwenye tuzo zao za Félix wakamtangaza msanii bora wa Kiingereza. Akapanda jukwaani akaikataa. Akawaambia yeye si msanii wa Kiingereza, popote aendapo anasema yeye ni Mquebec. Ana miaka 22, albamu mpya inatafuta soko, kampuni kubwa iko nyuma yake, na anakataa tuzo hadharani. Kwangu hilo ni kubwa kuliko tuzo nyingi alizozichukua.

Zilizobaki mnazijua, wimbo wa filamu ya katuni ya Disney na Peabo Bryson mwaka 1991 ndio uliomfungulia Hollywood, The Power of Love ukashika namba 1 Marekani 1994, Think Twice ukakaa namba 1 Uingereza wiki 7 mwaka 1995. Titanic ikaja juu ya hayo yote.

Mwalimu wa Alto

Nawasalimu kwa heshima. Mimi nafundisha kwaya na naomba niseme kuhusu sauti maana nyote mmeipita kama vile ni kitu alichozaliwa nacho akakibeba tu mpaka leo.

Mwaka 1989, katikati ya ziara ya hiyo albamu Incognito, aliumia sauti kwenye onyesho. Akapelekwa kwa daktari bingwa wa koo na akaambiwa achague, upasuaji wa nyuzi za sauti mara moja au kunyamaza kabisa wiki 3. Akachagua kunyamaza. Si kunyamaza kuimba tu, ni kutotoa sauti, hata mnong'ono, na watu wengi hawajui kwamba kunong'ona nako kunachosha nyuzi. Mtu mwenye miaka 21, staa, anaishi kwa kuandika kwenye karatasi. Baada ya hapo akaenda kwa mwalimu wa sauti William Riley akaanza upya, pumzi, mkao wa koo, mazoezi ya kupasha sauti kila siku, na tangu hapo akajijengea desturi ya kuipumzisha sauti kwa ukimya siku za ziara.

Ukitaka kuisikia tofauti weka nyimbo za kabla ya 1989 na za baada ya hapo. Zile za utotoni sauti inapita sana puani na ukiwa juu inabana, ni nzuri lakini unasikia anasukuma. Kuanzia Unison kifua kimeingia, anapanda bila kubana na anaweza kushuka ghafla mpaka sauti ya chini laini bila kukatika. Hiyo ni kazi ya mikono wapendwa, kazi ya kila asubuhi. Kipaji alikuwa nacho akiwa na miaka 12, lakini kwa namna alivyokuwa akiimba kisingemfikisha miaka 30.

Mimi wanakwaya wangu wanakuja na koo limekauka, wamekesha wanapiga kelele kwenye mpira, Jumapili wanataka soprano ya Celine. Nawaambia hiyo soprano ina wiki 3 za kutosema hata shikamoo.

Nisaidieni jambo moja Buja Wetu, ile albamu ya Kifaransa ya 1995 nasikia utunzi wake ulimbadilisha namna ya kuimba, ni kweli?

Buja Wetu

Mwalimu ni kweli kabisa na nafurahi umeuliza. Albamu ni D'eux, kaiandika Jean-Jacques Goldman. Goldman alimpenda lakini alimuona anaimba kwa nguvu mno, kila wimbo kilele, akamwambia apunguze, aimbe kidogo, asionyeshe sauti yote aliyonayo. Sasa mwambie hivyo mtu ambaye tangu miaka 5 anapigiwa makofi kwa sababu ya sauti kubwa! Na akakubali. Sikiliza Pour que tu m'aimes encore, mwanzo anaimba kama anaongea na mtu aliyekaa karibu naye, anaijenga taratibu mpaka mwisho. Wimbo ule uliingia mpaka kumi bora Uingereza ukiwa Kifaransa kitupu, jambo ambalo ni nadra sana kule. Na D'eux yenyewe ndiyo inayotajwa kuwa albamu ya Kifaransa iliyouzwa kuliko zote duniani.

Wimbo wa mwisho mle ndani ni wa mtoto wa dada yake, aliyefariki 1993 akiwa na miaka 16 kwa ule ugonjwa wa kurithi unaojaza makamasi mazito kwenye mapafu. Celine alikuwa mlezi wa chama cha wagonjwa hao huko Kanada tangu 1982, yaani tangu yeye mwenyewe mtoto. Unapousikia ule wimbo unajua hauimbwi kwa ajili ya chati.

Dada Rukia

Mimi nimesoma yote na nimejifunza mengi asanteni, lakini kuna kitu kinanisumbua na naona wote mnakizunguka. Mwanaume wa miaka 38 anampokea mtoto wa miaka 12, anamlea kikazi, anapanga avae nini aimbe nini, alafu baadaye anamuoa. Mimi nina binti wa umri huo. Siwezi kuisoma hiyo hadithi nikaona mapenzi matamu tu kama inavyosimuliwa kwenye majarida. Sisemi kuna kosa lililofanyika, nasema ingekuwa binti yangu mimi ningelala mlango wazi.

Mzee wa Kaseti

Dada Rukia swali lako ni halali na wewe si wa kwanza kuliuliza. Nikupe kinachojulikana kutoka kwao wenyewe. Celine alisema mapenzi yalianza 1988, baada ya ule usiku wa Dublin, yeye ana miaka 20 na René 46, tena René alishaoa na kuachana mara mbili. Mama Thérèse aliposikia hakufurahi hata kidogo, alipinga kwa nguvu, yeye alikuwa anamtakia binti yake kijana wa rika lake. Wakaficha kwa watu miaka kadhaa, mpaka 1993 Celine alipoandika wazi kwenye maneno ya shukrani ya albamu The Colour of My Love kwamba anampenda. Wakafunga ndoa 17 Desemba 1994 kanisa la Notre-Dame pale Montreal, na wakaishi pamoja mpaka René alipofariki kwa saratani ya koo Januari 2016, mazishi yakafanyika kanisa lile lile.

Na tusisahau kwamba mama yake alikuwa naye safarini miaka yote ile ya mwanzo, Buja Wetu kagusia. Hakumtoa mtoto akabaki nyumbani anasubiri hela. Alimfuata Japani, Ufaransa, kote. Mimi hapo ndipo nasema mama huyu hatajwi inavyostahili.

Dada Rukia

Asante kaka, hiyo ya mama kupinga nilikuwa siijui na imenipa faraja kidogo. Bado naona mamlaka yalikuwa yote upande mmoja, mtu anayeshika mkataba wako tangu utoto wako hamuwezi kuwa sawasawa mkifika kwenye mapenzi hata kama miaka imetimia. Celine mwenyewe kasema alikuwa na furaha na siwezi kumkatalia maisha yake. Ila wazazi wenye watoto wanaoimba wanaosoma hapa, nendeni nao huko studio, msimwachie mtu.

Nairobi Jioni

Dada Rukia hilo nakuunga mkono mia kwa mia, na mikataba ya watoto isomwe na mwanasheria kabisa.

Nirudi kwa shemeji wa Binti Kihonda. Mimi sikubaliani sana na Mzee wa Kaseti kwamba kila kitu kilikuwa tayari nyumbani. Sauti nzuri ziko nyingi, kule Quebec hapakukosekana mabinti wanaoimba. Nani angemshauri mtoto kutoka Charlemagne anyamaze mwaka na nusu wakati ana jina? Nani angemuingiza Eurovision kupitia mlango wa Uswisi? René alijua kusubiri, na alijua kuchagua watu, Marnay kwanza, baadaye prodyuza David Foster, baadaye Goldman. Hiyo ni akili ya biashara ambayo mama na kaka hawakuwa nayo. Hata ule wimbo wa Titanic Celine alikuwa hautaki, kasema mwenyewe kwenye mahojiano, René ndiye alimshawishi aende arekodi demo tu, akaimba mara moja, na sauti ile ya demo ndiyo iliyotumika. Bila René ule wimbo ungeenda kwa mtu mwingine.

Mzee wa Kaseti

Nairobi Jioni hapo kwenye kuchagua watu umenena. Lakini mtu akiimba demo mara moja na ikafaa kuingia kwenye filamu ile, hiyo mara moja ina miaka mingapi ndani yake? Ina Le Vieux Baril, ina wiki 3 za kimya alizosema Mwalimu, ina Goldman anamwambia punguza. René alifungua mlango, sawa, aliyeingia alikuwa Celine. Tutaachana hapo mimi na wewe.

Binti Kihonda

Jamani nashindwa niwashukuru vipi, nimesoma huku chakula kinaungua jikoni. Hiyo ya kukataa tuzo na hiyo ya kunyamaza wiki 3 nimemtumia shemeji kama zilivyo, kanijibu tu "sawa ila nyumba aliweka rehani nani?" kwa hiyo ugomvi bado upo lakini sasa nina silaha.

Swali la mwisho, mimi Kifaransa sijui hata salamu. Nikitaka kumsikiliza tangu mwanzo mpaka kabla ya Titanic nianzie wapi nifuate nini?

Buja Wetu

Kifaransa hukihitaji, sauti itakueleza. Anza na Ce n'était qu'un rêve, ule wimbo wa mama yake, wa 1981, tafuta ile aliyoimba runingani kwa Michel Jasmin. Kisha D'amour ou d'amitié. Kisha Ne partez pas sans moi, ule wa Uswisi, lakini uiangalie video ya Dublin na kura zote mpaka mwisho, usiishie kwenye wimbo. Hapo ingia Unison uisikie sauti mpya aliyoieleza Mwalimu. Ukitoka Unison nenda The Colour of My Love.

Ukimaliza hizo chukua D'eux yote, usiruke wimbo, na ule wa mwisho usikilize ukiwa umekaa.

Mwalimu wa Alto

Na kabla ya Dublin mkumbushe apite albamu Incognito, ya 1987. Ndiyo aliyokuwa akiizungusha sauti ilipoharibika, na mwenye sikio atasikia kwenye noti za juu kwamba ilikuwa inakuja.